Mapigo Yanapokwenda Mrama: Maswali na Majibu

Tangu safu hii ilipogusia vyumba vya juu vya moyo, vile ambavyo vitabu vya sayansi huviita atria, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyo nayo, nami nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine wasiouliza. Sitarudia hapa kwamba moyo una vyumba vinne, wala kwamba upande wa kulia hupokea damu ya mwilini na wa kushoto hupokea ya mapafuni; asiyekumbuka amwombe mwanawe daftari la shule. Walioandika "naomba dawa ya moyo kwenda mbio" bila kutaja umri, presha wala dawa wanazotumia wanisamehe: barua za namna hiyo zimefika sita, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezijibu kwa jina la dawa.

Mama wa miaka 67, Ngamiani: *Nina presha na sukari. Mashine yangu ya presha hunipa namba tofauti kila nikirudia kupima, nikadhani imeharibika. Kliniki walinishika mkono, wakanipima umeme wa moyo, wakasema mapigo yangu hayana mpangilio, kisha wakaniandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha. Mimi siumwi popote. Kwa nini ninywe dawa ya maisha?*

Shikamoo mama. Mashine yako ni nzima. Mashine hizi zimeundwa kusoma mapigo yanayofuatana kwa nafasi sawa, na zikikutana na mapigo yaliyovurugika, kipimo kimoja huangukia pigo kubwa na kinachofuata huangukia pigo dogo, ndipo namba zinapopishana. Kwa mtu kama wewe hupimwa mara tatu na kutazamwa wastani. Ndiyo maana ninasema, na wasomaji wa zamani wamekwisha kuchoka kunisikia, kwamba kabla mkanda haujafungwa mkononi, kifundo kishikwe kwanza: vidole viwili chini ya dole gumba, dakika nzima kwa saa, na si sekunde kumi na tano zikazidishwa kwa nne. Mapigo mazima huja kama mchi wa mtwangaji mwenye mazoea. Mapigo ya maradhi yako, yaitwayo mtetemo wa atria, huja mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, matatu yanayokanyagana, kimya tena, wala hayarudii mtindo wowote ambao kidole kingeweza kuukariri. Watu siku hizi wanazijua namba zao za presha kama namba za simu, lakini ukiwauliza iwapo mapigo yao yanalingana, wanakutazama tu.

Kinachotokea ndani ni kwamba vyumba vya juu, badala ya kujikamua mara moja kwa kila pigo, vinatetemeka mara 350 hadi 600 kwa dakika, mfano wa nyama ya mnyama aliyechinjwa punde. Kituo cha umeme kilichopo kati yao na vyumba vya chini huzuia sehemu kubwa ya fujo hiyo isipite, la sivyo mtu asingefika jioni. Moyo hupoteza ule msukumo wa mwisho wa kujaza vyumba vya chini, ambao kwa wengi huchangia karibu robo ya damu inayoingia humo, na kwa sababu hiyo wapo wanaochoka kupanda ngazi tatu. Lakini uchovu si jambo linaloninyima usingizi. Chumba cha juu cha kushoto kina kijifuko kama kidole cha glavu, na damu isiyosukumwa hutuama humo kama maji yanayobaki kwenye vidimbwi vya mwamba bahari ikishakupwa. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huchukuliwa na mkondo, na safari yake kutoka hapo hadi kwenye ubongo ni fupi. Mwenye maradhi haya ana hatari ya kiharusi takriban mara tano ya asiye nayo, na katika hesabu ya nani apewe dawa, umri wako, presha yako na sukari yako vyote vimo. Kutosikia maumivu hakumo.

Nilipata kumhudumia fundi cherehani ambaye asubuhi alitunga uzi bila miwani, na kabla ya adhuhuri sindano ilimdondoka mkononi na hakuweza kuiokota tena. Niliufungua mfuko wa karatasi zake. Ilikuwamo miezi tisa ya namba nzuri za presha, zimepangwa vizuri kwa kalamu ya bluu, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kama kuna mtu aliyewahi kumshika kifundo. Kunywa dawa, mama, na usiiache siku utakayojihisi vizuri, kwa kuwa hata leo unajihisi vizuri.

Mzee wa Duga: *Jirani yangu ana maradhi hayohayo lakini anatumia vidonge vidogo vya aspirini, bei nafuu, na yuko salama. Na mimi nihamie huko?*

Usihamie. Jirani yako yuko salama kwa sasa, na hilo haliithibitishi dawa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye mtetemo wa atria ambao warfarini, dawa kongwe ya kuzuia damu kuganda, haikuwafaa. Baadhi walipewa aspirini, baadhi apiksabani, dawa mpya zaidi ya kazi hiyohiyo. Viharusi katika kundi la apiksabani havikufika nusu ya vile vya kundi la aspirini, na kutokwa damu kwingi hakukutofautiana sana baina ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo anayemeza aspirini kwa ajili ya atria anabeba karibu hatari yote ya kutokwa damu na kuikosa sehemu kubwa ya faida. Aliyewekewa kizibuo, yaani kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, au aliyewahi kupata shambulio la moyo, ana sababu nyingine ya aspirini, na huyo amsikilize daktari wake asinisikilize mimi.

Na tuache kuziita dawa hizi "za kuyeyusha damu". Haziyeyushi kitu. Zinazuia bonge jipya lisifanyike na lililopo lisikue. Jina hilo baya ndilo linalowafanya watu wadhani kwamba wakimaliza dozi ya mwezi mmoja, damu imekwisha kuwa nyepesi na kazi imekwisha.

Dereva wa bodaboda, miaka 25, Makorora: *Nikikesha kazini hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu makopo matatu na kutafuna mirungi kidogo. Moyo hudunda mpaka kooni. Nipunguze kipi?*

Acha vyote viwili, na mirungi, kama ujuavyo, ina kesi mahakamani pia. Ukiongeza na pombe ya mwisho wa juma umekamilisha: tangu mwaka 1978 madaktari wa Marekani wamekuwa wakiueleza "moyo wa sikukuu", yaani mtetemo wa atria unaomzukia mtu aliyekunywa kupindukia, hata kijana asiye na maradhi ya moyo, na gongo haina msamaha ambao bia haina. Ukiacha na bado unadunda, au ukapata kuzimia, nenda upimwe wakati uleule unapodunda. Kesho yake karatasi itatoka safi nawe utarudishwa nyumbani na maneno ya faraja.

Dada wa miaka 29, Muheza: *Utotoni nilikuwa nikivimba viungo kwa zamu, goti leo, kiwiko kesho. Sasa nimeambiwa valvu ya kushoto imebana na chumba cha juu kimetanuka, na mapigo hayana mpangilio. Sauti yangu imekuwa ya kukwaruza. Ninatumia warfarini, ambayo inanilazimu kupimwa damu kila mara. Rafiki yangu aliye ng'ambo ananitumia vidonge vipya visivyohitaji kupima. Pia nimeolewa mwaka huu na tunataka mtoto.*

Dada yangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niiandike safu hii yote, na nitakwenda polepole.

Ule uvimbe wa kuhamahama ulikuwa homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria aitwaye streptokoka. Viungo hupona, valvu, yaani milango ya damu moyoni, hazisahau. Valvu ikibana, chumba cha juu cha kushoto hakiwezi kujimimina, hivyo hutanuka mwaka hadi mwaka, na mara chache hutanuka kiasi cha kuibana neva ya sauti inayopita jirani yake. Mwambie daktari kuhusu sauti hiyo, kwa maana pengine ni mafua tu na pengine ni chumba. Hatari ya bonge kwako si ile mara tano niliyomtajia mama wa Ngamiani. Katika uchunguzi wa wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1978, waliokuwa na maradhi yako, valvu iliyoharibiwa na homa hiyo pamoja na mtetemo wa atria, walipata kiharusi takriban mara 17 ya wengine.

Kuhusu vidonge vya rafiki, mshukuru na umwombe asitume tena. Vinawafaa wengi, lakini si mwenye valvu iliyobana kama yako wala mwenye valvu ya chuma. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye hali kama yako, ukilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya, na dawa za jamii ya warfarini. Watafiti walianza wakitarajia kwamba dawa mpya isingekuwa duni. Waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa mpya. Warfarini, pamoja na kero zake zote, ndiyo yako, na kipimo cha INR, kile kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikiwa kati ya 2 na 3 ndicho kinachokulinda, kwani chini ya hapo damu huganda na juu ya hapo hutoka pasipostahili.

Sasa mtoto. Mimba huongeza damu ya mama kwa karibu nusu na huyaharakisha mapigo. Moyo unaokimbia huipa valvu iliyobana muda mfupi zaidi wa kupitisha damu nyingi zaidi, na kinachoshindwa kupita hurudi mapafuni. Wapo walioingia leba wakiwa hawawezi kulala chali. Zaidi ya hayo, warfarini humfikia mtoto tumboni na inaweza kumdhuru, hasa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, yaani wakati ambao wanawake wengi ndiyo kwanza wanagundua kwamba hawajaona siku zao. Kuiacha kimya kimya kwa kumhurumia mtoto ni kumwachia bonge mama. Kwa hiyo usishike mimba kwanza ndipo uulize. Tumia uzazi wa mpango mwepesi unaokubaliana na maradhi yako, omba rufaa kutoka hospitali ya Bombo, Tanga, kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na uende na mumeo ili asikie mwenyewe. Huenda valvu ikapanuliwa kwanza kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Huenda ikahitaji upasuaji. Na baada ya hapo ndipo hupangwa sindano za heparini za kuchukua nafasi ya warfarini katika majuma yanayohusika. Wanawake wenye maradhi haya hujifungua salama wakipangiwa mapema.

Hukuuliza hili, lakini nitalisema kwa sababu mama zetu wanasoma. Uliza iwapo unapaswa kuendelea na sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne. Na mdogo wako akiumwa koo kwa homa, akashindwa kumeza, mpeleke kituo cha afya. Penisilini iliyotolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma huzuia homa ya baridi yabisi. Kumkata mtoto kimeo hakuzuii chochote. Nimeona watoto waliokatwa kimeo kwa wembe uliopita kwenye makoo mengine, wakarudi baada ya mwezi na viungo vilivyovimba na moyo uliokwisha kuanza kuharibika, na bibi aliyewakata bado anaheshimiwa mtaani.

Mvuvi wa Mwambani, miaka 60: *Moyo ukianza kwenda mbio, baada ya muda mfupi ninakojoa sana, maji meupe, mara tatu kwa saa moja. Ni sukari?*

Pima sukari hata hivyo, kwa umri wako ulipaswa kuwa umekwisha kupima. Lakini maelezo yako ni ya mtu makini, na yana jibu zuri. Vyumba vya juu vya moyo ni tezi pia. Mwaka 1981 mtafiti Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada walisaga atria za panya, wakawadunga panya wengine maji yake, na panya hao wakakojoa maji na chumvi kwa wingi ndani ya dakika chache. Atria zikivutwa na kujaa kupita kiasi, kama zinavyofanya moyo unapokimbia ovyo, hutoa homoni inayoziambia figo zitoe chumvi na maji. Mkojo wako basi ni ushahidi kwamba mbio unazozisikia huenda ni za kweli na zinaanzia juu. Usiukaushe kwa kuacha kunywa maji uwapo baharini. Peleka ushahidi huo kliniki.

Familia moja, Pangani: *Baba yetu, miaka 71, mdomo ulipinda na mkono wa kulia ukalegea kwa dakika kama ishirini, kisha akarudi sawa. Wazee wakasema kapigwa na upepo, tukamkanda kwa mafuta ya nazi. Je, tuendelee kumkanda?*

Acheni kumkanda. Mpelekeni hospitali leo, na kama mnasoma haya usiku, usiku huuhuu. Hicho kilikuwa kiharusi cha kupita, na kiharusi cha kukaa hupenda kufuata katika siku mbili za mwanzo. Bonge dogo liliziba, likapita. Lililobaki katika kile kijifuko cha moyo huenda si dogo. Ikirudia, andikeni saa iliyoanza, msimpe chakula wala maji kwa kuwa huenda hawezi kumeza, na msimpe aspirini ya dukani kabla hajapigwa picha ya kichwa, maana viharusi vingine ni vya mshipa uliopasuka. Dawa ya kuyeyusha bonge, na hii ndiyo inayoyeyusha kweli, ina dirisha la saa nne na nusu. Safari ya kutoka Pangani pamoja na kumsubiri mjomba mwenye uamuzi hulimaliza dirisha hilo bila mtu kutambua.

Mama wa Chumbageni: *Kila mwezi wa Ramadhani ninasimamisha warfarini kwa kuwa ninafunga. Je, kuna ubaya?*

Upo, na ni mkubwa, na hauna sababu, kwani warfarini hunywewa mara moja kwa siku. Inywe baada ya futari, saa ileile kila usiku. Anayetumia rivaroksabani naye anywe mara moja, pamoja na futari yenyewe, kwa maana haifanyi kazi ipasavyo tumboni patupu. Apiksabani ni mara mbili, daku na futari, na huku kwetu karibu na ikweta mchana wa kufunga huzidi kidogo tu saa kumi na tatu, kwa hiyo nafasi hazipishani sana. Wanaotumia dawa za kukojoza wazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu mwili uliokauka maji na chumvi huyavuruga mapigo. Jambo jingine ni futari: mwezi mzima wa magimbi, mihogo na tambi, kisha Idi ikipita mtu anarudia mchicha na kisamvu kila siku, na INR inayumba naye. Mboga za majani hazikatazwi kwa mtumiaji wa warfarini. Kinachotakiwa ni kiasi chake kisipande na kushuka.

Kijana wa Mikanjuni: *Babu anatumia warfarini. Tunataka kumpeleka kwenye hijama kwa ajili ya magoti. Inaruhusiwa?*

Sina ugomvi na sunna. Nina ugomvi na wembe juu ya ngozi ya mtu ambaye damu yake imezuiwa isigande. Msimpeleke bila ruhusa ya daktari wake. Na kwa kuwa magoti yanauma, najua kinachofuata: mtanunua diklofenaki duka la dawa. Hiyo pamoja na warfarini hutoboa tumbo na kulitoa damu; paracetamoli kwa kipimo ndiyo ya kuanzia. Kila atakayeandikiwa Flagyl au dawa nyingine ya maambukizi aseme kwanza kwamba yuko kwenye warfarini, kwa kuwa Flagyl huipandisha sana. Unga wa kitunguu saumu uliokolezwa kwenye vidonge nao usiongezwe. Kilichomo kwenye mchuzi hakina neno.

Dada wa Korogwe: *Mapigo hukimbia ghafla usiku, mikono inatetemeka, ninakonda ilhali ninakula vizuri. Nimeambiwa nina jini.*

Kisomo hakikatazi kipimo. Pima homoni za tezi ya rovu, ile ya shingoni, wiki hii, hata kama shingo haijavimba. Tezi hiyo ikizidisha kazi hutetemesha mikono, hukondesha na huzivuruga atria, na ina dawa.

Msomaji wa Raskazone: *Mwanangu aliye Muscat ameniletea saa ya mkononi inayosema mapigo yangu si ya kawaida. Niiamini?*

Iamini kiasi cha kukupeleka kwenye kipimo kamili cha umeme wa moyo, si zaidi. Dawa haianzishwi kwa saa.

Mwalimu mstaafu, Lushoto: *Nasikia moyo hupigwa shoti ukarudi sawa. Nikipigwa, nitaacha dawa?*

Shoti ipo, na kwa baadhi ya watu inafaa sana. Lakini mtetemo uliokwisha kupita saa 48 haupigwi shoti hivihivi, kwa sababu atria zikirudi kujikamua zinaweza kulisukuma nje bonge lililokuwa limetulia. Hutangulia wiki tatu za dawa ya kuzuia damu kuganda, na hufuatia wiki nne angalau. Ipo pia njia ya kuchoma kwa waya mwembamba sehemu zinazotoa cheche; iliimarika baada ya Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, kuonyesha mwaka 1998 kwamba cheche nyingi hutokea kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Kuhusu kuacha dawa, sivyo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, uliolinganisha waliorudishiwa mpangilio wa mapigo na waliopunguziwa kasi tu, viharusi vingi viliwapata walioacha warfarini au ambao INR yao ilikuwa chini, hata waliokuwa katika kundi lililorudishiwa mpangilio. Mtetemo hupenda kurudi kwa muda mfupi usiku, mwenyewe amelala.

Wazee wa baraza moja, Barabara ya Kumi na Mbili: *Je, kahawa tuache?*

Vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu havijaonekana kuleta mtetemo wa atria. Mwenye sukari aziache kashata.